Wakala wa Kazi za Ng'ambo: Penye Urembo Ndipo Penye Urimbo

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

  Mwaka huu nimeishika kalamu si kwa minajili ya kuwasimulia visa vya Sungura na Fisi. Nataka tuzungumze juu ya jambo linalowahusu kaka na dada zetu waliotutangulia, na ambalo muda si mrefu litatufikia sisi wenyewe. Jambo lenyewe ni kazi za kufundisha Kiingereza ng'ambo, na hasa hawa mawakala wanaozitangaza.

Nani asiyeyajua matangazo yao? Yamebandikwa kwenye vikingi vya stima na kwenye kuta za stendi za matatu, na siku hizi yanatufuata hadi ndani ya simu. Ati walimu wa Kiingereza wanahitajika haraka! Thailand, China, Korea! Uzoefu si lazima! Nyumba bure! Lipa ada ya usajili leo, nafasi ni chache! Pembeni kuna picha ya kijana aliyevaa tai, amezungukwa na watoto wanaotabasamu. Ukiitazama sana utatamani kuwa wewe.

Msimamo wangu nautoa mapema ili nisimzungushe mtu. Kumtumia wakala si kosa. Kosa ni kumlipa wakala ili akupe kazi. Wakala wa kweli hulipwa na shule inayomtafuta mwalimu. Yule anayekula kwa mwalimu hana haja kama mwalimu atafika au hatafika, kwa maana yeye ameshashiba kabla ndege haijaruka.

Kwanza kabisa, tusiwacheke wanaoyafuata matangazo hayo. Mwenye njaa hana miiko. Kila mwaka vyuo vyetu hutoa walimu kwa maelfu, ilhali nafasi za TSC ni kama tone la maji baharini. Sekondari msingi ilipoanza mwaka wa 2023, walimu wengi walichukuliwa kama wanagenzi kwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka wa 2024 wakaingia barabarani kudai ajira ya kudumu. Sasa fikiria una shahada, mkopo wa chuo unakusubiri, wazazi wanakuuliza kila jioni kama umepata kitu. Halafu mtu aje akutajie mshahara wa shilingi 120,000. Kwani utaziba masikio? Hata mimi nisingeyaziba.

Aidha, tusiseme kwamba mawakala wote ni matapeli. La hasha! Kazi ya wakala ina maana yake. Shule iliyo katika mji mdogo wa Thailand haimjui mwalimu aliye Kakamega, na mwalimu wa Kakamega haijui shule hiyo. Wakala mwaminifu huwakutanisha. Huzikagua shahada, hupanga mahojiano kwa simu ya video, humweleza mwalimu stakabadhi zinazotakiwa na jinsi ya kuziomba, na hata kuhakikisha kuna mtu wa kumpokea uwanja wa ndege. Hiyo ni kazi halali, na mwenye kufaidika nayo zaidi ni shule, kwa hivyo shule ndiyo hulipa. Huu si mwongozo niliojitungia mimi. Shirika la Kazi Duniani liliuweka katika Mkataba wake nambari 181 wa mwaka wa 1997, kwamba wakala asimtoze mfanyakazi ada yoyote, iwe waziwazi au kwa kuzunguka, isipokuwa pale nchi imeruhusu jambo maalum. Basi ukimwona mtu anakudai ada ya usajili, kisha ada ya mahojiano, kisha ada ya "kuharakisha faili", jiulize ni shule gani hiyo isiyoweza kumlipa mtu wake.

Hebu tufanye hesabu kidogo, ijapokuwa hili si jarida la chama cha Hisabati. Tuseme wakala anadai shilingi 250,000, na tikiti ya ndege na gharama nyingine ni shilingi 100,000. Jumla ni 350,000. Nyumbani wamekopa katika chama cha akiba, na ng'ombe mmoja ameuzwa. Mwalimu wetu anafika, na tuwe wakarimu tuseme kila ahadi imetimizwa, anapata 120,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba, chakula na nauli vinachukua 60,000. Anatuma nyumbani 20,000 za wadogo zake. Zinabaki 40,000. Gawanya deni lile kwa hizo 40,000, utapata karibu miezi tisa, na riba hatujaihesabu. Mikataba mingi ya walimu wanaoajiriwa kupitia kwa mawakala huko Thailand ni ya miezi kumi tu, kwa sababu likizo ndefu hailipwi. Yaani, mtu amevuka bahari, amekaa mwaka mzima wa shule, na faida yake ni mwezi mmoja na kidogo. Na hiyo, wenzangu, ndiyo hadithi iliyokwenda vizuri!

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mawakala wengi hawalisemi. Sisi Wakenya tunajua Kiingereza. Tunafundishwa kwacho tangu shule ya msingi, tunafanyia mitihani kwacho, na ni lugha rasmi katika Katiba yetu. Lakini kwa kazi hii, nchi nyingine haziulizi ulimi wako unajua nini. Zinauliza pasipoti yako ni ya wapi. Chukua Korea Kusini. Serikali yake ilianzisha mwaka wa 1995 mpango wa kuwaweka walimu wa Kiingereza katika shule za umma, unaoitwa EPIK, na viza ya ualimu wa lugha huko hujulikana kama E-2. Viza hiyo, kwa ualimu wa Kiingereza, imewekewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Ukasome hadi uzamifu, ukiongee kama mtangazaji wa redio, bado haumo. China nayo kwa kawaida humtaka mwalimu wa Kiingereza awe ametoka nchi ambako Kiingereza huhesabiwa kuwa lugha mama.

Je, ni haki? Kwa maoni yangu, si haki hata kidogo. Mwalimu hupimwa darasani, hapimwi kwa rangi ya pasipoti. Lakini kuilalamikia sheria ni jambo moja, na kuuziwa uongo juu ya sheria hiyo ni jambo jingine. Wakala anayekwambia "Korea ni rahisi, wewe lete pesa" ama haijui kazi yake ama anakujua wewe vizuri sana. Na akikushauri useme kwamba umetoka Afrika Kusini, au kwamba ulilelewa London, ujue tangu siku hiyo ameshakufanya mshirika katika udanganyifu. Kesho mambo yakiharibika huwezi kumshtaki, maana na wewe mikono yako haiko safi.

Njia ya mkato inayotumika ni viza ya utalii au ya uanafunzi. Unaambiwa, "Ingia tu, kibali cha kazi tutakitengeneza ukiwa huko." Jameni, hapa ndipo penye shimo! Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini humo, iliyoanza kutumika Julai 2013, inasema kwamba mgeni anayefanya kazi bila idhini atatozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito atafungiwa siku 5 hadi 15 juu ya faini hiyo. Mtu aliyemtafutia kazi hiyo anatozwa yuan 5,000 kwa kila kazi. Linganisha mwenyewe. Mwalimu anaweza kutozwa mara nne ya alichotozwa aliyemleta, akalala rumande, kisha akarudishwa kwao. Wakala, akiwa ofisini kwake Nairobi, hana hata habari na mlio wa kufuli ile.

Thailand haina orodha ya nchi saba kama Korea, ndiyo maana jina lake linasikika sana midomoni mwa mawakala. Mkenya anaweza kufundisha huko kihalali. Lakini kihalali maana yake ni shahada, viza ya aina ya B isiyo ya utalii, kibali cha kazi chenye jina la mwajiri, na leseni ya Baraza la Walimu la nchi hiyo au ruhusa ya muda ya kufundisha bila leseni. Stakabadhi hizi huanzia kwa shule, kwa sababu shule ndiyo inayoandika barua ya kumwombea mwalimu. Ubalozi wa Thailand uko hapa hapa Nairobi, na viza inaombwa kabla ya safari. Anayepatikana akifanya kazi bila kibali hutozwa faini ya baht 5,000 hadi 50,000, hufukuzwa nchini, na kwa miaka miwili hawezi kupewa kibali kingine.

Vilevile kuna jambo la kutazama hata kwa wale wanaofuata sheria. Huko Thailand, mara nyingi anayemwajiri mwalimu si shule bali ni wakala mwenyewe. Shule humlipa wakala kwa kila mwalimu, wakala hukata fungu lake, na mwalimu hupata kilichobaki. Si haramu, lakini yafaa ujue. Ukigombana na wakala, unapoteza kazi, kibali na mara nyingine nyumba, vyote kwa siku moja, maana vyote vimefungwa kwa kamba moja na kamba iko mkononi mwake. Tena wakala akijilipa kwa njia hii kila mwezi, zile 250,000 alizokudai mwanzoni zilikuwa za nini? Huo ni ulaji wa pande mbili, kama panya anayeuma akipuliza.

Msomaji anaweza kusema, "Huyu anatutisha tu." Basi nitataja lililotokea. Mwaka wa 2022 serikali ya Kenya ilitoa onyo baada ya vijana wetu, wengi wao wakiwa wamesoma vizuri, kuahidiwa kazi Thailand, za mauzo, za huduma kwa wateja na nyinginezo, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar. Huko walifungiwa katika majengo yenye walinzi wenye silaha, wakalazimishwa kuwatapeli watu kwa kompyuta. Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, maelfu ya watu wa mataifa mengi, Wakenya wakiwemo, waliachiliwa kutoka eneo la Myawaddy, mji ulio ng'ambo ya mto tu ukitoka Mae Sot ya Thailand. Sisemi kwamba kila tangazo la ualimu linaishia Myanmar. Ninachosema ni kwamba mlango ulikuwa ule ule: wakala asiyejulikana, pesa zilizolipwa mapema, viza ya utalii, na mkataba usioonekana. Mtu akishazoea kuupita mlango huo bila kuuliza, hawezi kujua ni siku gani umemfungukia pabaya.

Wako watakaonijibu, "Lakini fulani alilipa, akaenda, na sasa amemjengea mamake nyumba ya mawe." Sikatai. Wapo, na Mungu azidi kuwabariki. Hata kwenye kamari wapo wanaoshinda, na hao ndio picha zao hubandikwa ukutani. Waliopoteza hakuna anayewapiga picha. Aliyerudishwa usiku na begi moja haitishi mkutano wa kijiji aeleze, hujifungia nyumbani kwa aibu. Kwa hivyo sisi huku tunawasikia waliofaulu peke yao, tukidhani ndio wote.

Jambo la kutia moyo ni kwamba sheria zetu hazijalala. Wakala yeyote wa kazi hapa Kenya anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, ile tunayoisikia ikiitwa NEA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Kuwa na cheti cha kampuni hakutoshi, kwani hata duka la viatu huwa na cheti hicho. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 nayo inataka mkataba wa kazi ya nje utiwe sahihi mbele ya afisa wa leba, na afisa huyo ahakikishe kwamba mwenye kwenda hakudanganywa wala kushurutishwa, na kwamba ameyaelewa masharti. Huduma hii iko, ila wengi hawaitumii kwa sababu wakala amewaambia "itachelewesha mambo". Na kwa wale wanaowasafirisha watu kwa ulaghai ili wakawatumikishe, sheria ya mwaka wa 2010 ya kupambana na biashara ya watu imeweka kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili.

Kwa hivyo, ikiwa kaka au dada yako amepata wakala, usimvunje moyo na usimpigie makofi kabla ya kumuuliza haya. Nani anamlipa wakala? Shule inaitwaje, na je, ameongea na mtu wa shule yenyewe, si mtu wa wakala? Viza iliyo kwenye pasipoti imeandikwa nini? Katika mkataba, mwajiri ni nani, ni miezi mingapi, na likizo inalipwa? Akifutwa kazi, tikiti ya kurudi ni ya nani? Na kile cheti cha TEFL cha saa 120 anachouziwa, je, kinatambuliwa na waajiri, au wakala amekichapisha mwenyewe? Wakala mwaminifu atayajibu maswali haya akinywa chai. Yule mwingine atakasirika na kusema nafasi imechukuliwa na mtu mwingine. Akisema hivyo, shukuru Mungu na umwachie huyo mtu mwingine aulize pia. Kuuliza si ujinga.

Kuna kitu kimoja kinachonichekesha na kunisikitisha pamoja. Mtu anakwenda kufundisha Kiingereza, lakini amefungwa na karatasi ya Kiingereza ambayo hakuisoma! Mikataba hii imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, chenye sentensi ndefu kama gari la moshi, na mwenye kutia sahihi huona haya kusema hakielewi, maana yeye ndiye mwalimu wa Kiingereza. Aibu hiyo imewaponza wengi.

Na kwa kuwa tuko katika chama cha Kiswahili, niruhusuni niseme neno moja juu ya lugha yetu. Tunapanga foleni kuuza lugha ambayo pasipoti yetu inakataliwa kuiuza, ilhali kuna lugha ambayo hakuna anayeweza kutuambia si yetu. Serikali ya Marekani ina mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha, ambao kwa miaka mingi umewapeleka walimu vijana kutoka Kenya wakafundishe Kiswahili katika vyuo vikuu vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo. Maombi hufanywa moja kwa moja, na hakuna broka anayedai kitu kidogo. Nafasi zenyewe ni chache, mashindano ni makali, na sitawadanganya kwamba kila mmoja wetu ataenda. Lakini hapa ndipo ninapoona tofauti: mpango wa kweli hukwambia mapema kwamba ni mgumu. Uongo ndio husema ni rahisi.

Nina maombi mawili kwa shule yetu. La kwanza, siku ya taaluma ikifika, asiruhusiwe wakala yeyote kusimama mbele yetu kabla hajamwonyesha mwalimu mkuu usajili wake wa NEA. Tunakaguliwa masanduku yetu langoni tukitoka likizo, kwa nini mgeni anayekuja kutuuzia maisha asikaguliwe? La pili ni kwetu sisi wanachama. Tuyatafsiri kwa Kiswahili rahisi yale masharti ya mkataba wa kazi ya nje, tuyabandike kwenye ubao wa matangazo, na kila mmoja ayapeleke nyumbani likizo ijayo. Mzazi anayeuza ng'ombe wake ana haki ya kujua anauzia nini, tena kwa lugha anayoielewa.

Sijasema tusiende ng'ambo. Twende, tukaone, tukafundishe, turudi na maarifa. Dunia ni pana, na mwalimu wa Kenya anaweza kusimama darasani popote asitetemeke. Lakini twende mchana, kwa mlango wa mbele, tukiwa na kibali kilichoandikwa kazi tunayokwenda kuifanya. Anayekuambia kwamba mlango wa mbele umefungwa na yeye ana ufunguo wa dirisha, muulize kwanza: mwenye nyumba anajua?

Wasalaam.